Betri zilikuwa feki, ila ukimya wa wenzangu ndo ulioniuma

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nitoe dukuduku ambalo limenikaa rohoni miezi kadhaa sasa, na nakuandikia wewe kwa sababu kule nilikotakiwa kulisemea nilishafungiwa mlango.

Mimi ni mpenzi wa tochi, zile za LED zinazotumia betri za lithiamu za kuchaji, na huu ni mwaka wa sita. Kuna duka moja la mtandaoni, sitalitaja jina, linalouza tochi, betri na chaja basi, hakuna kingine. Mwanzoni lilikuwa duka la kupigiwa mfano kwa kweli, ukiuliza swali unajibiwa na mtu anayejua anachouza, mzigo unafika umefungwa vizuri, kitu kikiwa na hitilafu unabadilishiwa bila maneno mengi. Likazaa na kundi la wateja wapenzi, watu mia kadhaa, na humo ndimo nilimojifunza karibu kila kitu ninachokijua kuhusu mambo haya.

Na walinifundisha vizuri, hilo lazima niliseme. Walinifundisha kwamba betri inaitwa 18650 kwa sababu kipenyo chake ni milimita 18 na urefu milimita 65, ile sifuri ya mwisho ni ya umbo la mviringo. Kwamba betri nzuri za saizi hiyo kwa kawaida ujazo wake, yaani kiasi cha umeme zinachobeba, unaishia kama 3,500 au 3,600 mAh, kwa hiyo ukiona imeandikwa 9,900 huo ni uongo wa mchana kweupe na huhitaji hata kipimo. Kwamba mwanga wa tochi kwa kanuni ya FL1, ile ya Marekani ya kupimia tochi iliyotoka 2009, unapimwa sekunde 30 baada ya kuwasha na sio ile sekunde ya kwanza inapong'aa kuliko zote, na muda wa kuwaka unahesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ulivyoanza, kwa hiyo mtu akikuandikia saa nane ujue sehemu kubwa ya hizo saa nane unaweza kuwa unatembea na mwanga hafifu. Walikuwa wakali na wauzaji waongo. Mgeni akiingia na betri ya ajabu ajabu anaambiwa palepale, kwa upole, ndugu hiyo usiitumie, itakuunguzia nyumba.

Sasa mwaka jana duka likaleta betri mpya zenye jina lao wenyewe, lebo ya zambarau inayong'aa, 3,500 mAh. Wale wakubwa wa kundi, watatu wanne ambao neno lao likitoka wengine tunafuata, wakazisifia wiki hiyohiyo. Picha nzuri, maelezo marefu, na linki ya kununulia. Nikaoda nne bila kujiuliza mara mbili, manake kama fulani kasema nzuri mimi ni nani.

Zilivyofika nikaziweka kwenye mizani ndogo ninayopimia, kila moja gramu 43 na kitu. Betri nzuri za ujazo ule huwa zinakaribia 48. Nikasema labda ni aina nyingine, tusihukumu. Nikazijaza mpaka volti 4.2, nikaziacha zipumzike, nikaziweka kwenye chaja yangu inayopima ujazo. Ya kwanza ikatoa 1,180. Nikadhani nimekosea kuset, nikarudia. Ya pili 1,240, ya tatu 1,090, ya nne 1,310. Nikarudia zote mara tatu, siku tofauti, na betri yangu ya zamani ninayoiamini nikaiweka pembeni kama shahidi, yenyewe ikasoma vilevile inavyosoma siku zote, kwa hiyo chaja haikuwa na tatizo. Ile ya tatu ndo ilinitisha, wakati wa kuchaji ikikaribia kujaa inapata moto mpaka huwezi kuishika.

Nikachukua moja nikaivua lile ganda la plastiki, taratibu sana, manake chuma chote cha pembeni ni hasi na ukigusisha na kichwa umepiga shoti. Chini ya zambarau nikakuta ganda jingine la rangi iliyofifia. Nikalitoa na lenyewe. Kwenye kitako kulikuwa na vidoa vinne vidogo vya kuchomelea, viwili viwili, na kipande cha bati kilichong'olewa kikabaki kama ukucha. Betri mpya inayouzwa mojamoja haina sababu ya kuwa na alama hizo. Ilishawahi kuchomelewa na wenzake ndani ya betri ya laptopu au kitu kama hicho, ikatumika huko mpaka ikachoka, ikang'olewa, ikavalishwa nguo mpya, ikauzwa kwangu.

Hii sio hadithi ya kupunjwa tu, Mhariri. Betri ya lithiamu iliyochoka ikipata hitilafu ndani inaweza kuanza kupata joto ambalo linazidi kujichochea lenyewe na huwezi kulizima kwa swichi, inatema gesi na moto, na tochi ni bomba la chuma lililofungwa pande zote. Watu wanaiweka kichwani, wanaiweka chini ya mto. Tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilishawahi kuonya Januari 2021 watu wasinunue kabisa 18650 zinazouzwa mojamoja, kwa sababu viwandani zinatengenezwa ziingizwe kwenye pakiti zenye ulinzi wake. Sisi wapenzi tunazitumia hivohivo, na kitu pekee kinachotulinda ni kuaminiana, yaani aliyeuza aseme kweli na aliyepima aseme kweli.

Nikapeleka vipimo vyangu kundini, picha za mizani, picha za chaja, picha ya kile kitako. Sikumtukana mtu. Niliuliza tu, kuna mwingine aliyezipima? Kimya. Halafu mmoja wa wale wakubwa akajibu kwamba chaja za nyumbani hazipimi sawasawa, wakati ni yeye, yeye mwenyewe, aliyenishauri ninunue chaja ileile miaka minne nyuma akaniambia ni ya kuaminika. Mwingine akasema nina chuki na duka. Mwingine ati nimetumwa na washindani. Kufikia jioni ujumbe wangu haupo, na asubuhi na mimi sipo.

Baada ya hapo ndo nikarudi kuangalia zile linki kwa makini. Kila moja ina mkia mrefu, na mwisho wa mkia kuna herufi, na herufi zenyewe ni jina la aliyeiweka. Yaani nilivyobonyeza nikanunua, aliyenishauri alikula komisheni. Nikarudi kwenye zile sifa zake za nyuma nilizokuwa nimezihifadhi, miaka yote ile, mikia ileile. Hakuna hata mara moja alipoandika kwamba analipwa. Watu wawili waliniandikia pembeni baada ya mimi kutolewa, wakaniambia na wao walipima wakapata hayohayo, ila wanapewa tochi za bure za kujaribu na hawakutaka kukosa. Nashukuru waliniambia, lakini usiku ule nilikaa sana nikiwaza ni wangapi waliagiza huku hawa wawili wanajua.

Duka lenyewe nalipitia haraka. Nililiandikia, wakataka video, nikatuma, wakataka video nyingine isiyokatwa, nikatuma, mwisho wakaniambia muda wa kurudisha umepita, wakati ni wao walioula huo muda. Hela zangu sijarudishiwa. Mfanyabiashara mwongo nimeshakutana naye na nitakutana naye tena, namjua. Ila yule aliyenifundisha kupima, akanisifia kwa kuwa mwangalifu, halafu siku nimepima akanigeuka, huyo sikuwa nimemtegemea. Nilikuwa namwita kaka.

Sidai kwamba mtu asilipwe kwa kazi yake. Kupima tochi kunakula muda na vifaa ni ghali, mtu akipata komisheni halali yake. Ninachotaka aseme, juu kabisa kabla sijasoma sifa, hiki nimepewa bure, hii linki inanilipa, basi mimi nitajua namsikiliza nani. Na sio mimi niliyeliwaza hili peke yangu. Marekani 2024 walipitisha kanuni ya kupiga marufuku riviu, yaani maoni ya wateja kuhusu bidhaa, za uongo na za kununuliwa, pamoja na kuwatisha wateja ili wafute malalamiko yao. Uingereza riviu feki zimekatazwa kisheria tangu Aprili 2025. Umoja wa Ulaya tangu 2022 muuzaji anayeonyesha riviu lazima aeleze kama anahakikisha zimeandikwa na watu walionunua kweli, na anafanyaje.

Gazeti lako lina kurasa za teknolojia na naona vifaa vinasifiwa humo. Ombi langu ni moja, kila kifaa kinachosifiwa paandikwe kimepatikanaje, kimenunuliwa, kimeazimwa au kimetolewa zawadi. Ni mstari mmoja tu.

Na kwa yeyote mwenye zile betri za lebo ya zambarau, tafadhali usizichaji ukiwa umelala. Zangu tatu nimeziba ncha kwa selotepu, nimeziweka kwenye kopo la bati nje ya nyumba pamoja na ile niliyoivua, nazipeleka wanakopokea taka za betri wiki hii.

Msomaji wenu