Barua kwa binti yangu aliye Passau, Ujerumani: pasipoti usiiache chumbani

Mama yangu,

Marahaba, shikamoo zako zimefika. Sisi huku Tanga wazima, hofu na mashaka ni juu yako, na safari hii siandiki hivyo kwa mazoea ya barua. Kwenye simu ukishasikia neno pasipoti unacheka, halafu mtandao unakatika ghafla. Sasa soma.

Picha tumeziona zote. Ile uliyosimama na baiskeli juu ya bwawa la umeme la Jochenstein, Ujerumani upande huu na Austria upande ule, mama yako ameshaizungusha mtaa mzima, hata muuza mihogo kaonyeshwa. Mimi nikaona maneno uliyoandika chini yake: "Baba, hakuna hata geti." Usingizi ukaniruka palepale.

Geti halipo, nakubali. Waliondoa ukaguzi pale tangu 1998. Lakini Septemba 2015, wakimbizi walipokuwa wanamiminika kupitia hapohapo Passau unapoishi, Wajerumani waliurudisha ukaguzi kwenye mpaka wao na Austria, na Septemba 2024 wakaupeleka kwenye mipaka yao yote ya nchi kavu. Redio bado ninayo na DW hainipiti. Kwa hiyo kutoka mlitoka mkipiga soga. Kurudi ndiko kwenye maneno, na mlirudi jioni, na nilipokuuliza ulibeba nini ukanijibu: maji, ndizi, pampu na kitambulisho cha chuo.

Kitambulisho cha chuo! Hicho ni cha kuazimia vitabu, mwanangu. Kibali chako cha ukaazi kinakuruhusu kutembea Austria na nchi nyingine za Schengen, zile za Ulaya zilizofunguliana mipaka, hadi siku 90 katika kila siku 180, lakini sharti kiwe mkononi, na pasipoti ambayo haijaisha muda iwe pamoja nacho. Vyote viwili. Ukibeba kimoja umebeba nusu.

Unajua nimekula mkate wa mpaka. Horohoro, mpakani kwetu na Kenya, siku hizi wamerahisisha, muhuri wa kutoka na wa kuingia unagongewa katika jengo moja, lakini kizuizi unakiona kwa macho, na ukikiona mkono wenyewe unakwenda mfukoni. Mpaka wenu hauonekani, ndiyo maana naufikiria zaidi. Polisi anaweza kusimama pembeni ya barabara au akapanda treni, na hamsimamishi kila mtu. Anachagua. Wewe ulikuwa na wenzako watatu, Wazungu wote, na wote nina hakika ni watoto wema. Atakayeulizwa karatasi kwanza ni wewe. Sisemi haya kukutia unyonge. Nasema kwa sababu wao wanaweza kusahau vitambulisho na jambo likaishia kwenye utani, na wewe huna nafasi hiyo ya kusahau. Usijipimie kwa kipimo chao.

Usinijibu kwamba mbona huku watu wanavuka tu. Mto Umba unatoka milima yetu ya Usambara na kwenda kumwaga maji yake Kenya, karibu na Vanga, bila kugongewa muhuri. Zipo na njia za panya, nazijua, na usiniulize nilizijuaje na nilikuwa nimebeba nini. Ule ulikuwa ujana, na askari wa zamu nilikuwa najuana nao. Wewe huko hujuani na mtu.

Haya, nikupe na haki yako. Kutoka Passau mpaka Schlögen, huko Austria, ni zaidi ya kilomita 40, na umezikanyaga kwa baiskeli ya mkononi yenye breki ya kurudisha pedali nyuma. Nilipowaambia wazee kijiweni, mmoja akasema mtoto wa Tanga na baiskeli hashangazwi. Nilinyamaza, lakini kifua kilijaa. Mimi kilichonishangaza ni ule mto. Danube ina safari ya kilomita 2,850 hivi mpaka Bahari Nyeusi, halafu hapo Schlögen inakunja na kurudi ilikotoka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Na wewe uliyesahau kitu nyumbani kweli hukugeuka.

Mama yako kilichomshtua ni picha ya ukuta wa jumba la mji, zile alama za mafuriko. Mita 12.89 mwaka 2013! Anauliza kwa nini umepanga chumba cha chini wakati mji umezungukwa na mito mitatu. Nimemwambia waliokupangisha wanaujua mji wao kuliko sisi. Lakini kama pasipoti unaiweka droo ya chini, ihamishie ya juu. Na ya kuogelea tuyaache. Umekulia mji wa bahari na hujui kuogelea, na hilo si kosa lako peke yako. Ukiwa kwenye kivuko cha baiskeli kaa katikati, usiegemee ukingo kwa ajili ya picha.

Sasa hii safari ya likizo, Passau mpaka Vienna. Kilomita 300 na ushei. Sikukatazi, ingawa ningefurahi zaidi ungeniomba ruhusa kuliko kunipa taarifa. Taa zifanye kazi mbele na nyuma, huko ni sheria, si kama huku ambako mwenye baiskeli anapiga mluzi tu. Kofia ngumu vaa hata kama wenzako hawavai. Beba kiraka na tyubu ya akiba. Pasipoti na kadi ya kibali vitie kwenye mfuko wa nailoni (huku tulipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwenu sijui), kisha uvae mwilini, ndani ya koti. Usiviweke kwenye mkoba wa keria, kwa sababu mtashuka kula, baiskeli mtaziegesha nje, na mkoba utabaki nao nje. Na mkifika Vienna, atatokea mwenzenu aseme Bratislava si mbali, twendeni mara moja. Kweli si mbali. Ila hiyo ni Slovakia, nchi ya tatu, na utakwenda nayo kwa karatasi zilezile ninazokuambia tangu mwanzo wa barua hii.

Umeona nimerudia. Nitarudia tena.

Habari za nyumbani: machungwa ya Muheza yamekubali vizuri, bei ndiyo imelala. Wanunuzi wa Kenya wanakuja na malori, wanajua hatuna pa kuyaweka, wanataja bei wakiangalia pembeni. Mdogo wako yuko kidato cha nne na anasoma usiku akiwa amelala, nadhani unanielewa. Mlango wa uani umeliwa na mchwa, fundi amechukua kishika uchumba na sijamwona. Baiskeli yako ya zamani usiitafute ukirudi. Ile bima uliyotakiwa kulipia kabla ya kuondoka ilitoka mahali, basi. Keria yake imebaki, mama yako anaanikia sufuria.

Bibi yako anakusalimu, anauliza unakula nini. Nimemwambia mkate. Ameguna. Kanga ulizoomba tumezipata, mbili za maua na moja ya bluu, zitakuja na yule mama wa Chumbageni anayekwenda kumtembelea mwanawe. Usimcheleweshe kupokea mzigo, mizigo ya watu ina adabu yake.

Kabla hamjaondoka nitumie picha ya ukurasa wa pasipoti wenye sura yako, na kadi ya kibali mbele na nyuma. Si kwamba picha inatosha mbele ya polisi, haitoshi. Ni ya kwangu, nijue unavyo. Tuma kabla ya Ijumaa, maana Jumamosi nitakuwa shamba na kule mtandao mpaka upande juu ya kichuguu. Nikifika huko sijaipata picha, nitampigia mama yako akupigie yeye, na yeye unajua hakatiwi simu.

Baba yako