Mabadiliko ya kikao cha Jumamosi: mazoezi ya kuzungumza mbele ya watu

Ndugu wanakikundi, nawasalimu nyote.

Kikao chetu cha Jumamosi, kilichopangwa kuanza saa tatu asubuhi, sasa kitaanza saa nne kamili katika ukumbi uleule na kumalizika saa sita mchana. Kila mmoja atazungumza kwa dakika 3, akiwa amesimama, juu ya jambo analolifahamu vizuri.

Tafadhali jiandaeni hivi:

1. Msikariri hotuba nzima neno kwa neno, kwa maana anayesahau neno moja huweza kupotea kabisa. Karirini sentensi mbili za mwanzo tu, kwa kuwa hofu huwa kali zaidi mtu anapoanza, kisha mengine yaandikeni kwa vidokezo kwenye kadi moja.

2. Fanyeni mazoezi kwa sauti angalau mara tatu. Kusoma kimoyomoyo hakutoshi.

Moyo kwenda mbio, kinywa kukauka na mikono kutetemeka ni kazi ya homoni ya adrenalini, wala si dalili ya kutojua unachokisema. Kuvuta pumzi taratibu na kuitoa polepole zaidi husaidia kutuliza mapigo. (Mimi mwenyewe magoti bado hunitetemeka, na sidhani kama mmewahi kuligundua hilo.)

Naomba kila mmoja athibitishe kuhudhuria na kutaja mada yake kabla ya Alhamisi saa mbili usiku, ili nipange zamu. Asiyekuwa tayari kusimama aje kusikiliza, ila naye anijulishe.

Wenu,
Mratibu