Nyama nyeusi huanzia ndani ya lori

Mhariri,

Mimi ni mkaguzi wa nyama machinjioni. Wenye mabucha hawaishi kunilaumu kwa nyama nyeusi: "Umetupitishia ng'ombe mzee." Mara nyingi ng'ombe mwenyewe ni dume kijana, mnene, asiye na ugonjwa wowote. Kilichomharibu ni safari.

Misuli ya mnyama aliyetulia ina akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Akishachinjwa, akiba hiyo hugeuka asidi ya laktiki, na pH ya nyama (kipimo cha asidi: asidi ikizidi, namba hupungua) hushuka kutoka karibu 7 hadi 5.5 hivi katika siku moja au mbili. Lakini mnyama aliyeshinda lorini akisukumwa na kuteleza juu ya kinyesi anaweza kufika akiba yote imeteketea. Asidi haipatikani, pH inabaki juu ya 6, na nyama inakuwa nyeusi, kavu kwa juu, inanata kidoleni. Huharibika upesi hata ndani ya jokofu.

Taabu kubwa ni madume. Mfanyabiashara hununua mmoja huku, wawili kule, kisha huwachanganya. Wasiojuana hao watapigana na kupandana njia nzima, wakishushwa wanaendeleza pale pale zizini. Halafu dereva ananiambia, "Wacha walale, asubuhi watakuwa sawa." Usiku mmoja na ndoo ya maji vitawaondolea kiu tu. Akiba ya msulini kwa ng'ombe hurudi polepole, tena kwa siku kadhaa za kula na kutulia.

Sisemi sana kuhusu fimbo, maana mizoga inajisemea. Kwenye nyonga na mgongoni nakata mapande yenye damu iliyovilia na kuyatupa. Jeraha la karibuni ni jekundu, la siku nyingi lina umanjano, kwa hiyo hata muda wa kipigo hukadirika. Hasara humwangukia mwenye mzoga. Aliyepiga keshaondoka na lori lake.

Ombi langu ni dogo. Kila lori lije na karatasi inayoonyesha saa ya kupakia, saa ng'ombe walipokunywa maji mara ya mwisho, na kama madume wametoka zizi moja. Waliochanganywa tutawachinja mara wanaposhushwa, kabla hawajapigana usiku kucha. Waliozoeana ndio wapumzishwe.

Mkaguzi wa nyama