Bega linauma, sasa upige picha gani?

Mtu anafika mapokezi anasema nataka MRI ya bega (ile picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku), ukimuuliza dokta kaandika nini anajibu sijaenda kwa dokta, nimeona nianze tu na kipimo kikubwa nisizungushwe. Tunamuelewa kabisa, maana bega likishika halikuachi ulale, ukigeukia upande ule unashtuka, hata kuvaa shati inakuwa kazi. Ila sisi tunaouza hivyo vipimo ndo tunakwambia, kwa mabega mengi MRI siyo pa kuanzia.

Pa kuanzia ni dokta akushike bega, halafu mara nyingi eksirei. Eksirei inaona mfupa, kama umevunjika, kama bega limeteguka, kama kiungo kimelika, na inaona pia chokaa inayojikusanya kwenye kano. Hiyo chokaa usiichukulie poa, inaweza kumliza mtu mzima, na kwenye picha ni kadoa keupe tu karibu na kichwa cha mfupa wa mkono. Kano zenyewe hazionekani, kwa hiyo eksirei kutoka safi haimaanishi bega ni zima.

Hapo ndo altrasaundi inaingia. Kuna misuli minne imelizunguka bega na kano zake zinashikilia kichwa cha mfupa kikae mahali pake, na ile kano ya juu ndo inayochanika zaidi. Ukija unakaa kwenye stuli, unapakwa jeli, unaambiwa peleka kiganja nyuma kama unatoa pochi mfuko wa suruali. Wengi wanalalamika mbona mnanitesa jamani, lakini bila kukaa hivyo sehemu kubwa ya ile kano inajificha chini ya mfupa na hatuioni. Baadaye unaambiwa nyanyua mkono taratibu huku mashine inaangalia, na wewe mwenyewe unaona kwenye skrini pale inapokwama. MRI ya kawaida haikupi hiyo sababu mle umelala na hutakiwi kutikisika. Shida ya altrasaundi ni kwamba inategemea sana mkono wa anayepima, na vilivyo ndani kabisa ya kiungo haivifikii vizuri.

MRI inakuja pale bega linachomoka kila mara na dokta anataka kuona ule ukingo laini wa kikombe cha bega (hapo wakati mwingine unachomwa kwanza dawa ndani ya kiungo ili picha itoke vizuri), au kano imechanika na daktari wa upasuaji anataka kujua imejivuta umbali gani na kama msuli umeshaanza kugeuka mafuta. Andaa kama nusu saa na uvumilie kelele. Mwenye kifaa cha moyo aseme mapema kabla hajaingia, tafadhali. Siti skani (eksirei inayokuzunguka) sanasana ni kwa mfupa uliovunjika vipande vipande.

Kuna bega moja linawapotezea watu hela bure, bega lililoganda. Linawapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, na wenye kisukari ndo kabisa. Dalili yake siyo ya kwenye picha, ni kwamba dokta akijaribu kuuzungusha mkono wako kwenda nje hauendi, hata akiusukuma yeye. Eksirei kwa kawaida inatoka safi na anaipiga ili kuhakikisha hakuna kitu kingine.

Na ripoti ikiandika kano imechanika usianze kulia kwenye korido. Wapo watu wengi waliovuka miaka 60 wana mpasuko kwenye bega na hawaumwi chochote, kwa hiyo picha lazima isomwe pamoja na maumivu yako, na hatuwezi kuyajua usipotuambia. Tuonyeshe kwa kidole panapouma, tuambie ni mkono ukienda wapi ndo inachoma, uje na eksirei za zamani hata kama zilipigwa kwingine, na uvae nguo inayovuka bega kirahisi.

Ila kama bega linauma na kifua kinabana, jasho linatoka au pumzi inakata, usije kwetu kabisa, kimbia emajensi hospitali, huo unaweza kuwa moyo.