Mhariri, mmemsahau panya

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mzee mmoja aliingia kwenye chumba chetu cha MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, na kipande cha gazeti lako mfukoni, kimekunjwa mara nne. Alikuwa ameletwa kupigwa picha ya mgongo. Nikawa namkumbusha atoe saa, mkanda na funguo, maana sumaku ile haina utani na chuma, ndipo akakichomoa na kunikabidhi. "Mwanangu," akaniambia, "ukimaliza mgongo nichome na hizi chembe, unitazame na kichwa. Mama yangu alifariki akiwa ametusahau sisi wanawe."

Habari yenyewe ilihusu chembe za nano, yaani vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho, zinazogundua saratani na Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, kabla dalili hazijaanza. Nikamjibu, "Mzee, hizo chembe hapa hatuna." Alinitazama kama mtu anayefichiwa kitu.

Sisemi mlidanganya. Ila katika habari nzima, kuanzia kichwa hadi nukta ya mwisho, sikuona neno panya.

Kazi ya namna hiyo inayotajwa sana kwa upande wa Alzheimer ni ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, iliyotangazwa mwishoni mwa 2014. Walichukua chembe zenye sumaku, wakazibandika kingamwili, yaani protini za kinga, zinazotambua vifungu vidogo vya protini ya amiloidi, vile vinavyodhaniwa kuanza kuharibu seli za ubongo mapema kabisa. Kisha wakazipitisha puani. Kwa nini pua? Kwa sababu mishipa midogo ya ubongo ina kuta zilizobanana mno, na vingi vinavyochomwa kwenye damu huishia nje ya kuta hizo. Picha za MRI zikaonyesha tofauti kati ya ubongo mgonjwa na ubongo mzima. Ni kazi nzuri, naivulia kofia. Lakini pua zile zilikuwa za panya, tena panya waliobadilishwa jeni ili wapate amiloidi ya binadamu.

Kwenye saratani mambo yalifika mbali zaidi, na hapo ndipo ningependa waandishi wako wachimbe. Mwaka 2003 yalitangazwa matokeo ya wanaume 80 wenye saratani ya tezi dume. Walichomwa kwenye mshipa chembe za oksidi ya chuma, wakapigwa picha tena baada ya saa 24. Wengi hudhani chembe hizo huifuata saratani na kuing'arisha. La hasha. Zinamezwa na seli walinzi zilizomo ndani ya tezi za limfu, vile vituo vidogo vya kinga ambako saratani huweza kusambaa, na kwa kuwa chuma huvuruga usumaku pale kilipo, tezi nzima inageuka nyeusi kwenye picha. Tezi iliyovamiwa na saratani haina tena walinzi wa kutosha wa kumeza, basi inabaki nyeupe. Cheupe ndicho cha kuogopa. Kwa MRI ya kawaida tunaikisia tezi kwa ukubwa wake, na tezi ndogo yenye saratani hutupita hivihivi. Kwa njia ya kawaida zilinaswa kama tezi 35 katika kila 100 zenye saratani. Kwa chembe za chuma zikanaswa 90.

Ungetarajia dawa hiyo iwe imejaa kwenye makabati yetu. Mwaka 2007 ombi la kuisajili Ulaya liliondolewa. Ndugu yake wa kupigia picha za ini alikuwa ameruhusiwa Marekani tangu 1996, naye mtengenezaji wake akaja kuacha kumtengeneza. Yupo mwingine, ferumoxytol, ambaye aliingia kwa mlango wa pembeni: aliruhusiwa 2009 kuwaongezea madini ya chuma wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu, na baadhi ya madaktari wa radiolojia humtumia kupigia picha. Mwaka 2015 onyo lake likakazwa, kwa sababu wapo wagonjwa waliopata mzio mkali hadi kufa. Kwa hiyo mtu akiniambia "nano" kana kwamba ni neno la kesho, mimi nacheka kidogo. Liko hospitalini miaka mingi, linachechemea.

Na linachechemea kwa sababu mwili una mambo yake. Watafiti waliopitia kazi za miaka kumi za chembe za nano dhidi ya uvimbe, nyingi zikiwa za panya, walitoa hesabu yao 2016: kiwango cha kati kinachoufikia uvimbe ni asilimia 0.7 ya kile kilichochomwa. Nyingi huishia kwenye ini na wengu. Zile ndogo sana, chini ya nanomita 6 hivi (nanomita ni milimita iliyogawanywa mara milioni), huchujwa na figo zikatoka na mkojo.

Nirudi kwa mzee. Amiloidi ya ubongoni tunaweza kuiona hata leo bila nano, kwa kipimo cha PET, ambacho mtu huchomwa dawa yenye mnururisho kidogo na mashine ikaonyesha inakokusanyika. Dawa ya kwanza ya florini yenye mnururisho kwa kazi hiyo iliruhusiwa Marekani 2012, na nguvu yake hupungua nusu kila dakika 110, kwa hiyo haiwekwi akiba. Shida ni maana ya kinachoonekana. Miongoni mwa watu wasio na tatizo lolote la kumbukumbu, amiloidi hukutwa kwa takriban asilimia 10 ya wenye miaka 50 na asilimia 44 ya wenye miaka 90. Ningemwonyesha mzee doa, halafu nimwambie nini? Hata kipimo cha damu kilichoruhusiwa Marekani Mei 2025 ni cha watu wa miaka 55 na kuendelea walioanza kuonyesha dalili. Mzee huyu hana dalili, ana woga.

Ninachoomba ni kidogo. Mkiandika habari hizi, aya ya kwanza iseme zimejaribiwa kwa nani, zimepitia wapi mwilini, na zinatokaje. Sisi wa chumba cha picha ndio tunaoulizwa.

Mzee alipomaliza alikiomba kipande chake. Nilikuwa nimeandika neno moja pembeni kwa kalamu. Akalisoma huku akivaa mkanda.

"Kwani panya naye husahau?"

Nikamwambia husahau. Akakikunja tena mara nne, akakirudisha mfukoni.

Msomaji wako,
Mpiga picha za MRI