Shule ilivyotufikia, na shkola ilivyowafikia Warusi

Ndugu Mhariri,

Ubishi kuhusu asili ya neno "shule" umerudi kwenye ukurasa wako wa barua. Mmoja kasema tumelitoa kwa Waingereza, mwingine kasema kwa Warusi, eti kwa kuwa wao husema shkola. Wote wametazama sura ya neno, wakasahau kuuliza limepitia kwa nani.

Kiingereza kilitupa skuli, na Zanzibar wanalo mpaka leo, s na k zimekaa pamoja. Shule haina k hata ya dawa. Ni Schule ya Kijerumani: sch husomeka "sh", na e ya mwisho hutamkwa. Waingereza walipoiteka Mwanza mwaka 1916, neno lilikwisha kuota mizizi.

Wajerumani nao walilikopa Kilatini, schola, nacho kilikuwa kimelichukua kwa Wagiriki. Kilatini hichohicho ndicho kilichowafikia Waslavi. Wacheki, Waslovaki, Wakroati na Waserbia husema škola, Wapolandi szkoła, na Warusi walilipata kupitia Kipolandi. Š na sz zote ni "sh" yetu. Kilatini kilikuwa na s, lakini s ya Wajerumani wa zama zile ilielekea "sh", na Waslavi wakaipokea hivyo, k ikabaki.

Wanaotukaribia kweli ni Waslovenia, wasemao šola, na Wasorbi, Waslavi wachache waishio ndani ya Ujerumani yenyewe, wasemao šula. Hawa walilichukua kwa Wajerumani baada ya sk kwisha kugeuka "sh". Hilo la pili mtu akilitamka haraka pale stendi ya Nyegezi, hakuna atakayegeuza shingo.

Mtego mmoja kwa waliosoma Urusi: "v shkole" maana yake shuleni. Ile e ni kiambishi tamati cha mahali, haina undugu na e ya shule.

Wabulgaria hawakutegemea mkopo. Wana uchilishte, mahali pa kujifunzia, lililoundwa kwa kitenzi chao wenyewe, sawasawa na Waganda ng'ambo ya ziwa walivyopata essomero kutoka okusoma.

Walimu wanaotunga maswali ya asili ya maneno waandike shule: Kijerumani; skuli: Kiingereza. Mwanafunzi anayejibu "Kilatini" kwa yote mawili asinyimwe alama zote, ila aulizwe njia.

Msomaji,
Nyamagana, Mwanza