Fulbeki si nafasi ya kumficha mtoto

Mhariri,

Baadhi ya makocha wa raga ya vijana hapa Malindi humweka fulbeki, yaani mchezaji wa nyuma kabisa, mtoto asiyependa kukabana, eti mpira haufiki sana huko nyuma. Nawasihi waache. Fulbeki ndiye anayeuona uwanja wote mbele yake, na ni kazi yake kuwapanga wenzake kwa sauti.

Tazama raga ya ligi, ile ya wachezaji 13, ambako fulbeki huvaa jezi namba 1. Clive Churchill aliichezea klabu ya South Sydney na timu ya taifa ya Australia katika nafasi hiyo, kisha akaifundisha South Sydney ikatwaa ubingwa 1967, 1968, 1970 na 1971. Fulbeki mwingine, Billy Slater, aliichezea klabu ya Melbourne Storm mechi 319 kati ya 2003 na 2018. Mwaka 2022, wa kwanza wake kama kocha wa timu ya jimbo la Queensland, alishinda State of Origin, mashindano ya kila mwaka dhidi ya jimbo la New South Wales. Sishangai: ukocha waliuanza wangali wamevaa jezi, wakiwapanga wenzao kutoka nyuma.

Katika mchezo huo timu ikikabwa mara ya sita hukabidhi mpira, kwa hiyo fulbeki huhesabu. Katika mikabo ya mwanzo hukaa mita 10 hadi 15 nyuma ya safu ya ulinzi, akifuata mpira unakoelekea na kuita nani azibe pengo lipi. Ukifika wa nne hurudi mapema, mita 30 hivi, kwani baada ya wa tano mara nyingi mpira hupigwa teke. Anayengoja teke ndipo arudi huishia kukimbia kinyumenyume, na mpira humponyoka. Raga yetu ya wachezaji 15 haina hesabu hiyo, lakini mtoto aweza kufundishwa kumchunga mpigaji: akirudi hatua kadhaa nyuma ya wenzake, teke laja.

Kudaka ndiko kunakotaka mazoezi zaidi. Aite "Wangu!" mapema, kabla winga hajauendea mpira uleule. Viganja viwe juu usawa wa macho na viwiko vikaribiane. Vikiachana, mpira hupita katikati. Amgeuzie ubavu mpinzani anayekuja. Hapo mpira ukimponyoka utaelekea kando au nyuma. Akiupokea kwa kifua wazi hudunda mbele, nalo ni kosa, mwamuzi akapuliza, na wapinzani wakapewa mpira.

Halafu kuna upepo wetu. Teke lililopigwa kuukabili upepo huelea na kurudi kwa mpigaji, basi fulbeki asogee mbele hatua tano hivi. Upepo ukiwa mgongoni mwa mpigaji, arudi nyuma zaidi. Kila mazoezi apigiwe mateke 20 ya juu, 10 kutoka kila upande wa uwanja, na yawe alasiri upepo ukiwa umeshika, si asubuhi kumetulia. Na pawe na mwenzake anayemkimbilia kila mara, maana kudaka peke yako hakufanani na mechi hata kidogo.

Mwenye mbio lakini kimya apelekwe winga.

Mpenzi wa raga,
Malindi